Gari Lililonukia Udi

Bibi harusi bado yumo ndani, msomaji wangu, na milango bado imegoma. Wiki nzima tumemwacha mtoto wa watu humo na shela lake na maua yake, na moshi mwembamba umeanza kutoka chini ya dashibodi. Haya, tusimcheleweshe zaidi.

Zulaikha alikuwa nje, ufunguo mkononi. Alishuka kwa heshima zote ili amfungulie Acan, bibi harusi wetu, mlango wa nyuma, kama dereva wa maharusi anavyotakiwa, na alipofunga tu mlango wake, gari likajifunga lenyewe. Rimoti ikafa. Vioo vya umeme vikafa. Akauchomeka ufunguo kwenye tundu la mlango, ukaingia nusu ukakwama, utadhani tundu limejaa mchanga.

Na hapo ni mbele ya kanisa kuu la Lubaga, kengele zinalia, waalikwa wamejipanga na simu zao juu, wanarekodi.

Baba yake Acan, afande Ocira, alikuwa ameshaokota jiwe. Mtu aliyekula mshahara wa polisi ujana wake wote hana subira na kioo. Lakini uso wa bintiye ulikuwa umebanwa kwenye kioo hicho hicho, na Bonny Obwona akamwahi mkono.

Bonny ndiye yule makanika mwenye gereji kule Kabalagala, nyuma ya mabaa. Zamani alikuwa akitengeneza magari ya polisi pamoja na afande, ndiyo maana na yeye alialikwa, na ndiyo maana siku hiyo alivaa suti iliyombana kila mahali.

"Afande, hapana vunja," alisema. "Tujaribu buti kwanza."

Buti lilikubali ufunguo. Bonny akajikunja, akaingiza nusu ya mwili wake na suti yake, akapapasa mpaka akapata kamba ya kukilaza kiti cha nyuma. Kiti kikalala. Akamwambia bibi harusi atambae. Na hivyo ndivyo Acan alivyofika kanisani siku ya ndoa yake: kwa magoti, kupitia kwenye buti, shangazi zake wakimvuta mikono na wapita njia wakicheka bila aibu.

Alitoka akikohoa. Gauni lilikuwa na tope kuanzia magotini mpaka chini.

Tope, nasema. Jua lilikuwa linachoma tangu wiki iliyopita na barabara zote za Kampala zilikuwa vumbi tupu. Kila mtu alilitazama lile tope, na hakuna aliyeuliza limetoka wapi, isipokuwa Bonny, ambaye aliuliza kimoyomoyo.

Acan alimgeukia Zulaikha. Hakumtukana. "Dada," alimwambia, "nilikuchagua wewe kwa sababu uliniambia gari lako haliwezi kumwangusha mtu." Kisha akamshika baba yake mkono wakapanda ngazi. Zulaikha angefurahi kama angetukanwa.

Wewe uliyedandia hadithi hii leo, sogea nikuweke sawa. Zulaikha ni Mnubi, kwao Bombo. Miaka yake mingi ameipitisha akitarizi mashuka ya watu, mpaka macho yakaanza kuuma. Akataka gari kubwa, refu, la heshima, awe anabeba maharusi. Gari la maharusi halina masharti mengi. Linaweza kuwa la zamani, linaweza kunywa mafuta kama ngamia, lakini lisizime njiani.

Alilinunua kwa bangili za mama yake. Bibi kizee, kabla hajafa, alizivua bangili zake mbili za dhahabu kitandani akamvika mwanawe, akamwambia hizo ndizo akiba yake ya uzeeni, asizitoe ila kwa kitu kitakachomlisha. Zulaikha alilia siku ya kuzitoa. Lakini alizitoa.

Na si kwamba hakuchagua. Yalikuwepo magari mawili. La kwanza lilikuwa la kijivu, mali ya mwalimu mmoja aliyemwambia ukweli wote pale pale: linakula oili, kiyoyozi kimekufa, na kwenye kilima gia ya pili inashtuka kidogo. Rajab, mume wake Zulaikha, alicheka njia nzima ya kurudi. Rajab anajua magari. Kazi yake ni kuyatoa bandarini Mombasa na kuyafikisha kwenye bondi, yale maegesho makubwa ya magari ya ng'ambo. Alisema mtu akikuonyesha kasoro tatu, amekuficha tisa.

La pili lilikuwa hili jeupe. Rajab alisema mwenyewe ni mzee Abdul-Karim wa Lubaga, na kazi yake ilikuwa kumpeleka msikitini Ijumaa na kumrudisha. Injini ilinguruma taratibu. Rangi iling'aa. Kasoro, hakuna. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu Rajab alilitembeza gari lile mpaka kwenye ndoto za mkewe.

Bonny aliitwa akalipime. Alisikiliza injini, akanusa oili ya gia boksi, akalala chini akachungulia. Kisha akataka kunyanyua mazulia na kuvuta mikanda ya viti mpaka mwisho wake. Wakati huo Zulaikha alikuwa ameshaketi ndani na kufunga mlango, na harufu ikampata.

Udi. Gari zima lilinukia udi, na si manukato ya chupa. Ule wenyewe wa kufukiza kwenye chetezo. Kwa Wanubi, nyumba inayofukiza vitu vyake ni nyumba ya watu waliolelewa. Nguo hufukizwa, mashuka hufukizwa, hata mgeni akiondoka huondoka na moshi wetu kwenye kanzu. Mama alikuwa amekufa juzi tu. Zulaikha alivuta pumzi ile, moyo ukatulia, machozi yakamtoka, akamwambia Bonny aache kufunua mazulia ya watu. Hili ni gari la watu wetu, alisema.

Bonny akaacha. Ndipo wiki zikapita, ndipo tukafika hapa Lubaga, mbele ya buti lililo wazi.

Waalikwa walipoingia kanisani, Bonny alivua koti, akalitundika kwenye mfuniko wa buti, akaanza kazi aliyokatazwa. Akatoa tairi la akiba. Chini yake palikuwa na tope ambalo bado lilikuwa bichi na jani lililooza. Akatambaa ndani akavuta mkanda wa nyuma mpaka ulipokwisha, na pale mwishoni, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki, kulikuwa na mstari wa kahawia unaokata mkanda kama alama ya chai kikombeni. Bolti za viti zilikuwa nyekundu kwa kutu.

"Hii gari ililala ndani ya maji," alisema. "Maji ilifika hapa, kwenye kiti. Waya zote zimeoza. Leo inakubali, kesho inakataa. Injini wameosha vizuri, lakini waya hapana osha."

"Utaitengeneza?"

"Nyabo, mama, hii hata mimi naogopa."

Zulaikha alimpigia Rajab. Akamweleza yote: moshi, bibi harusi, tope, mkanda. Rajab hakushtuka, na hilo lilimshangaza kidogo. Alimwambia pole kwa upole wake ule ule wa siku zote. Alisema mzee Abdul-Karim amesafiri kwenda Arua kwa wanawe, asiende kusumbua nyumba ya watu, arudi nyumbani wataongea. Kisha akamalizia kwa maneno ambayo amekuwa akimwambia tangu madaktari walipokata tamaa ya wao kupata mtoto: "Usilie, mke wangu. Mimi na wewe tunatosha."

Maneno hayo yalikuwa yamemfuta Zulaikha machozi kwa miaka. Siku hiyo pia yalimfuta, kidogo.

Lakini nyumba ya mzee Abdul-Karim ilikuwa chini tu ya kilima, na miguu ilishaanza kwenda. Bonny akamfuata.

Walimkuta mzee kibarazani, kikombe mkononi, mzima wa afya. Arua alikuwa hajaenda. Zulaikha alitoa salamu, akaitikiwa, akakaribishwa kiti, akakataa. Akasema amekuja kwa ajili ya gari.

Mzee alikitua kikombe. Akavua ile miwani yake myeusi ambayo siku ya kuuziana hakuivua kabisa. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe.

"Mwanangu," alisema, "mimi naona mwanga na kivuli tu. Nitaendesha gari wapi?"

Zulaikha akakitafuta kile kiti alichokikataa, akaketi.

Mzee akaeleza bila kuulizwa mara ya pili. Rajab alimjia baada ya swala, akamwomba akae pale kibarazani, mgeni akija aseme gari ni lake. Alimwambia mwenye mali ni mtu mkubwa asiyetaka kutajwa. Mzee aliona ni jambo dogo la kumsaidia kijana wa msikitini, na hakujua mnunuzi ni nani mpaka aliposikia sauti ya mwanamke akilia kwa ajili ya mama yake. Tangu siku hiyo, alisema, chakula hakimshuki vizuri.

"Na bangili?" Zulaikha aliuliza.

"Sikuzigusa hata kwa kidole. Ulipotoka tu, mumeo alizichukua."

Walitoka nje. Zulaikha aliegemea ukuta wa nyumba ya watu akaanza kumtetea mumewe, maana moyo wa mke ni wakili asiyelipwa. Labda Rajab naye alidanganywa. Labda huyo mtu mkubwa yupo kweli. Labda bangili ziko kwake huyo mtu. Mumewe hawezi kumwibia kilichotoka mkononi mwa marehemu.

"Halafu ule udi, Bonny," alisema. "Ni nani atafukiza gari bovu kwa udi mzuri namna ile? Lazima lilitoka nyumba ya watu."

Bonny alikuna kichwa. Ni mtu mwema, lakini hajui kunyamaza pale ambapo mwingine angenyamaza.

"Ule moshi?" alisema. "Ule ni ya Rajab. Shati zake zinanukia vile vile. Hata Jumatatu alipita kwa gereji, vijana wangu wakasema bwana harusi amefika. Mimi nilijua ni wewe unamwekea."

Zulaikha karibu acheke. Bila shaka ni yeye. Ni yeye anayetandaza mashati ya mumewe juu ya tenga, chetezo chini yake, kila Ijumaa ya ndoa yao. Harufu ya nyumba yako huisikii mwenyewe, mgeni ndiye huisikia. Kumbe ndiyo maana alipoketi kwenye lile gari alijiona yuko kwao. Alikuwa ananusa nyumba yake mwenyewe.

Kicheko kikamkauka.

Maana tangu mama afe, chetezo cha nyumba yake hakijawaka. Aliapa hatafukiza chochote mpaka arobaini ipite, na arobaini ni Alhamisi ijayo. Kopo la udi liko juu ya kabati, mdomo wake umefungwa kwa kitambaa, na kitambaa hicho alikifunga yeye. Mashati ya Rajab yametoka nyumbani mwezi mzima yakinuka sabuni tu.

Na Jumatatu, Bonny anasema, Rajab alinukia kama bwana harusi.

"Una hakika ni moshi wangu?" aliuliza polepole. "Si udi mwingine?"

"Nyabo, ile yenu ina kahawa ndani. Mimi mtu wa kahawa, siwezi potea."

Ni kweli. Sandali, karafuu, miski na sukari, hayo kila mwanamke wa Bombo anayajua. Lakini mama yake Zulaikha alikuwa akitia na kiganja cha maganda ya kahawa, jambo lililowachekesha majirani wake wote, wala hakuna hata mmoja aliyemuiga. Mchanganyiko ule alifundisha mikono miwili tu hapa duniani. Mmoja ni wa Zulaikha.

Mwingine ni wa Rukiah.

Rukiah hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa mtoto wa jirani aliyefiwa na mamake, na mama yake Zulaikha akamleta nyumbani akiwa na meno ya utoto. Zulaikha ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyemfundisha kushika sindano, ndiye aliyempangia chumba kule Kyebando alipotaka kujitegemea. Kwenye msiba wa mama, Rukiah alikuja na gauni pana, akalia kuliko wote, akaondoka mapema akisema anaumwa. Tangu hapo hakukanyaga.

Zulaikha alipanda boda hapo hapo, Bonny amesimama na koti lake mkononi. Njia nzima alimwomba Mungu awe amekosea. Aliomba iwe Rukiah anauza udi, iwe Rajab alinunua kama mteja mwingine yeyote. Aliyemlea mtu hutaka sana kumwamini.

Lango la Kyebando lilikuwa limerudishiwa tu. Alilisukuma akaingia uani.

Kitu cha kwanza alichokiona ni tenga lililofunikwa shati, na moshi ukipenya kwenye mikono ya shati hilo. Lilikuwa la kijani, la Rajab, na tarizi ya kwenye ukosi aliitia Zulaikha mwenyewe kwa macho yale yanayouma. Pembeni, ukutani, kulikuwa na alama za matairi mapana na tope lililokauka, na vipande vya zulia jeusi la gari vimeanikwa vikasahaulika. Aliumia mpaka akasahau kupiga hodi.

Rukiah akatokea mlangoni. Alipomwona hakukimbia, wala hakujifanya haelewi. Mikononi mwake, mmoja kulia na mmoja kushoto, zilikuwepo bangili za mama.

"Umechelewa, dada," alisema. "Nilikutegemea siku ile ile."

"Siku gani?"

"Siku uliyoingia kwenye gari."

Rukiah akaendelea, macho chini. Gari lilizama mtaro ulipofurika, mwenyewe akalitupa kwa bei ya chuma chakavu, Rajab akalileta kukaushwa hapa uani. Akamwambia Rukiah alifukize, harufu ya tope itoke. Kisha siku moja Rukiah akamsikia kwenye simu akimtaja mnunuzi.

"Angekuwa mtu mwingine ningetia udi wa dukani," Rukiah alisema. "Nilipojua ni wewe, nikatia wa mama. Nikakoleza kahawa. Nikasema dada akifungua tu mlango ataijua hii, atauliza imefikaje humu, atakataa. Dada, wewe uliijua. Kwa nini ulinunua?"

Msomaji wangu, hilo ndilo lililomkata. Si gari, si mzee kipofu. Mtu mmoja alimpigia kengele, naye akaifanya wimbo wa kulala.

"Una simu," Zulaikha alisema. "Ungenipigia."

"Ningesema nini? Kwamba gari liko uani kwangu? Ungeuliza linafanya nini kwangu."

"Na mimi sasa nauliza."

Rukiah alianza kulia kwa sauti ndogo, ile aliyokuwa akilia utotoni akivunja kikombe. Alisema ndoa ilifungwa mwaka jana, kimya kimya. Rajab alimwambia dada ameridhia, ila anaona haya kulitamka, kwa hiyo wasimwulize. Alimwahidi mahari ya dhahabu. Halafu wiki ile gari lilipouzwa akamletea hizi, akasema dada yako ndiye amekupa, kwa mkono wake.

"Nilizijua ni za mama," alisema. "Nikajua hapo ananidanganya na mimi. Chukua, dada. Chukua vyako."

Akaivua ya kushoto. Ikatoka kwa taabu, akamkabidhi. Akaishika ya kulia, akavuta, ikagoma kwenye kifundo. Akatema mate, akavuta tena, ngozi ikakunjamana na kuwa nyekundu, bangili haikusogea.

"Mama alikuwa na mkono mdogo kuliko wako," Zulaikha alisema, "lakini siku zote ulikuwa unazijaribu, zinaingia na kutoka."

"Ilikuwa inatoka. Ni mwezi huu ndio mikono imeanza kuvimba."

Zulaikha akautazama mkono. Akaitazama miguu ya Rukiah, iliyofura mpaka imekataa ndara. Akalitazama gauni, lile lile pana la msibani, na upepo wa uani ukalilaza mwilini, naye akaona tumbo lililoumuka chini yake.

Moshi wa mama ulikuwa ukipita katikati yao.

Simu ya Zulaikha ikaita. Aliipokea bila kuangalia jina, kwa mkono ulioshika bangili moja.

"Uko wapi, mke wangu?" Rajab aliuliza kwa upole wake ule ule. "Nenda nyumbani upumzike. Gari si kitu. Mimi na wewe tunatosha."

Na maneno hayo Zulaikha aliyasikia mara mbili, mara moja sikioni, na mara ya pili kutoka nje ya lango la Rukiah, ambako mkono wa mtu ulikuwa tayari umeshika komeo.